Staringi Hafi?
Mjadala wa kituo cha majani

Lori la kiwanda likichelewa, kituo cha majani hugeuka baraza. Watu wamechuma tangu alfajiri, magunia yamepangwa mbele ya mizani, mvua ya alasiri imeanza kupiga mabati, na hakuna anayeondoka kabla kilo zake hazijaandikwa. Hoja huzaliwa hapo. Siku nyingi ni bonasi. Siku nyingine ni siasa ya kaunti. Mjadala huu ninaouleta nimeupanga mwenyewe, kwa hoja nilizookota vipande vipande katika mabaraza ya namna hiyo kati ya Kapkatet na Sotik, na wasemaji nimewapa vyeo badala ya majina. Yupo Mwalimu wa drama. Yupo Kogo, maana ndivyo Wakipsigis wanavyomwita nyanya. Yupo Kijana wa kibanda cha muvi, Binti wa kidato cha tatu aliyekuja kumsaidia mamake kubeba, na Karani wa mizani, mzaliwa wa Kisii. Wa mwisho ni Dereva, ambaye kwao ni Kano, kwa Waluo. Amefika kwa miguu, matope hadi magotini, kwa sababu lori limenasa kwenye mteremko na trekta ya kulivuta haijaja.

MWALIMU: Nikiri kabla sijashtakiwa. Mchezo ninaouandika mwaka huu ni wa Lwanda Magere, na nimembadilisha.

DEREVA: Umembadilisha vipi, Mwalimu? Umemvisha suruali?

MWALIMU: Nimemtoa mbele. Staringi wangu ni yule msichana.

DEREVA: Msichana yupi?

MWALIMU: Yule Mlang'o.

Hapa palikuwa na kimya, mabati tu yakiongea. Lang'o ndilo jina ambalo Waluo waliwapa majirani zao wa milimani, Wanandi na Wakipsigis. Ukitoa Dereva na Karani, banda zima lilikuwa la Lang'o.

DEREVA: Basi niwape hadithi kama tulivyopewa, halafu Mwalimu aniambie anapoichana. Lwanda alikuwa mtu wa ukoo wa Sidho, Kano. Mwili wake jiwe. Mkuki ukimpiga unadunda kama mvua ya mawe kwenye bati hili. Wazee wa Lang'o walipochoka kuzika vijana wao, wakatafuta silaha nyingine. Wakaleta msichana mrembo, wakasema ni wa amani, aolewe. Wazee wa Kano wakamwonya Lwanda, hakusikia. Siku moja akaugua, na mke mkubwa hayupo. Akamwambia huyu mdogo, nichanje unipake dawa. Kisu kikagoma kwenye ngozi. Ndipo akamwambia, chanja kivuli changu. Akachanja kivuli, damu ikatoka. Usiku huohuo msichana akatoroka kwenda kwao. Vita vilivyofuata, mkuki ulirushwa kwenye kivuli. Lwanda akaanguka, akawa jiwe. Na jiwe lenyewe lipo Kano hadi leo, wawindaji walikuwa wakinolea mikuki hapo ili mawindo yasiwakwepe. Sasa niambie, Mwalimu. Katika hadithi hiyo staringi ni nani?

MWALIMU: Na wewe niambie, vita vilishindwa na nani?

DEREVA: Aliyeshinda si lazima awe staringi.

Neno hili linahitaji sentensi mbili. Mtoto yeyote wa Kenya aliyewahi kulipa shilingi chache kuketi kwenye benchi la kibanda cha muvi anajua kwamba kila filamu ina staringi na ina adui. Watanzania humwita stelingi, na sheria yao ni ileile: staringi hafi. Atapigwa risasi ya bega, ataning'inia kwenye ukingo wa jengo kwa kidole kimoja, atapotea nusu saa tumwombolee, lakini atarudi. Nimekua nikiiamini sheria hiyo kuliko nyingi za serikali.

KIJANA: Mimi naongea kama mfanyabiashara. Watu hawataki staringi aguswe, kwisha. Nina kibanda, najazia watu muvi kwenye flashi. Mnakumbuka Black Panther? Februari 2018, uzinduzi ulifika hadi Kisumu hapa chini, kwa sababu ya Lupita aliyeigiza humo, mtoto wa gavana wao. Watu walivaa vitenge na shanga kana kwamba Wakanda ni kaunti ya arobaini na nane. Halafu Agosti 2020 Chadwick Boseman, aliyemwigiza staringi T'Challa, akafa, kansa ya utumbo. Miaka arobaini na mitatu tu. Wenye filamu wakasema hawatamvisha mtu mwingine jina la T'Challa. Ikaja Wakanda Forever, Novemba 2022: T'Challa anakufa mwanzoni kabisa, na vazi linaenda kwa Shuri, dada yake. Sasa njoo uone kibanda changu. Nusu wanasema ni heshima kwa marehemu. Nusu wanasema wametuulia staringi. Mteja mmoja alinirudishia flashi akitaka pesa zake, eti nimempa muvi ambayo haijaisha.

KARANI: Ulimrudishia?

KIJANA: Nilimjazia ya Jackie Chan. Na hii si ya hapa tu. Huko ng'ambo maelfu walitia sahihi kutaka T'Challa apewe mwigizaji mwingine. Hoja yao ilikuwa nzito: watoto weusi wamesubiri mfalme kama huyu miaka yote, kwa nini azikwe pamoja na aliyemwigiza?

BINTI: Samahani, naweza kusema? Shuri alikuwa Black Panther kwenye vitabu vya katuni tangu 2009. Hao waliolia kwamba hadithi imeharibiwa hawakuwa wameisoma.

KIJANA: Wangapi hapa wanasoma katuni za Marekani, dada? Asili ya mtu ni pale alipokutana na hadithi.

Nilitamani kuwaacha wabishane juu ya sentensi hiyo ya mwisho mpaka giza liingie. Imebeba karibu kila ugomvi wa namna hii ulimwenguni. Mtu huwa hatetei hadithi ilivyokuwa mwanzo, hutetea ilivyokuwa yeye alipokuwa na miaka tisa.

BINTI: Basi tuchukue Superman. Alitokea Juni 1938, kazi ya vijana wawili, Jerry Siegel na Joe Shuster. Siku zile hakuwa anapaa. Alikuwa anaruka tu, kama panzi mkubwa. Kupaa kulikuja baadaye. Na lile jiwe la kijani linalommaliza nguvu, kriptonaiti, wasikilizaji walilisikia redioni mwaka 1943, na kwenye vitabu likaingia 1949. Kwa hiyo leo mtu akisema nirudishieni Superman wa asili, anataka yupi? Panzi?

DEREVA: Ngoja kwanza. Huyo Superman anauawa na jiwe?

BINTI: Linamdhoofisha, ndiyo.

DEREVA: Na wetu yeye ndiye jiwe. Omera, hao Wamarekani wamegeuza tu!

(Kicheko kilikuwa kikubwa hata Karani akapoteza hesabu, akaanza upya gunia la mama mmoja aliyekuwa hajacheka.)

DEREVA: Lakini binti ametoa hoja bila kujua ni yangu. Walichomwongezea Superman ni udhaifu. Walimpa kifo mfukoni. Mtu asiyeweza kufa hana hadithi, ana orodha tu ya watu aliowapiga. Kwa hiyo ongeza unachotaka, lakini pale panapomuua usipaguse. Lwanda ni kivuli. Mwalimu akiniambia Lwanda wake alikuwa mrefu au mfupi, mweusi au maji ya kunde, sina neno. Akinitolea kivuli, ameniibia mtu.

MWALIMU: Kivuli sijakigusa. Nimekiangalia tu kutoka upande wa aliyeshika kisu.

DEREVA: Hapo ndipo unapokigusa. Hawa wa kina Kijana ni mali ya kampuni. Kampuni ikitaka kumgeuza chui kuwa mbuzi, wateja watalia, watanunua tiketi vilevile. Lwanda ana ukoo. Sidho wapo, leo hii wanakula samaki na kudaiwa karo. Ukimgusa umegusa watu.

MWALIMU: Mwaka 1991 ulichapishwa mchezo uitwao Lwanda Magere. Mwandishi ni Okoiti Omtatah, huyuhuyu ambaye sasa ni seneta wa Busia. Ni Mteso. Aliwaomba ruhusa Sidho?

DEREVA: Yeye hakuwa Mlang'o.

Sijasikia jibu fupi zaidi kwa swali hili refu. Tunapenda kujidai kwamba tunabishana kuhusu nini kimebadilishwa. Mara nyingi tunabishana kuhusu nani amebadilisha, na kwamba hatukumkaribisha. Nilimwangalia Mwalimu nikaona limemwingia, ingawa alijifanya anakung'uta maji kwenye kofia.

KARANI: Na sisi tuseme? Wazee wetu Kisii wanasimulia vita vya Saosao, mwishoni mwa karne ya 19, jinsi walivyoungana na Waluo wakawapiga watu wa huku. Nilipokuja kazi hapa nikaanza kusimulia siku moja wakati wa chai, kwa furaha kabisa. Nikaona watu wameweka vikombe chini.

KOGO: Sisi tunaviita Mogori. Hatuvisimulii na chai.

KARANI: Nilijua siku hiyo, Kogo. Nisamehe.

KOGO: Ulikuwa mtoto. Pima majani.

KIJANA: Mnasema aliyebadilisha lazima awe mwenyeji. Mimi naleta ushahidi wa kuwapinga, kisha naleta wa kuwaunga mkono, na shahidi ni mmoja. DJ Afro.

Jina hilo lilifanya hata waliokuwa wakisinzia juu ya magunia wainue vichwa. Kwa msomaji wa mbali: DJ Afro ni yule Mkenya anayezungumza juu ya filamu za watu, kwa Kiswahili cha mitaani, kuanzia risasi ya kwanza hadi ya mwisho. Hatafsiri. Anasimulia, anatania, anaonya, anamsema adui vibaya, anampa staringi maneno ambayo hakuna mwandishi wa Hollywood aliyeyaota. Tanzania walikuwa na Lufufu, Uganda wana VJ Jingo. Kazi yao imewafikia watu wengi ambao sinema halisi haitawafikia, maana kutoka Bomet mjini mpaka kwenye ukumbi wa sinema ni nauli ya siku nzima ya kuchuma.

KIJANA: DJ Afro amewabadilisha mashujaa wote wa dunia. Komando wa Marekani analalamika bei ya unga. Mchina wa karne zilizopita anazungumza kama makanga. Je, kuna mteja amewahi kunirudishia flashi akisema DJ Afro ameharibu asili? Hata mmoja! Wanaikataa ile isiyo na DJ. Wanasema hii ni bubu.

BINTI: Kwa sababu hatumfahamu yule wa kwanza.

KIJANA: La. Kwa sababu DJ Afro ameketi na sisi. Ukimsikiliza unajua na yeye anaitazama hiyo muvi, anashangaa tunaposhangaa. Anambadilisha staringi mbele ya macho yetu, na anajua tutacheka wapi. Wale wa Shuri walikaa ofisini Marekani wakaamua, halafu wakatuletea. Hata kama waliamua vizuri.

Hapa nilimwona Kijana amefika mahali ambapo wahakiki wa filamu hufika kwa kurasa thelathini. Nakubaliana naye kwa sehemu kubwa. Nyanya zetu hawakuwahi kusimulia hadithi moja mara mbili sawasawa; sungura alibadilisha njia yake kulingana na mtoto gani alikuwa mtukutu siku hiyo. Hakuna aliyelia. Mbadilishaji alikuwa karibu, ungeweza kumwambia, "Kogo, jana ulisema alikuwa fisi," naye akajibu, "Jana hukuwa umemaliza kuteka maji." Shujaa wa kampuni hana wa kuulizwa hivyo. Mtazamaji anabaki kupaaza sauti kwenye hewa, na sauti isiyojibiwa huzidi kuwa kali.

Lakini ukaribu peke yake hautoshi, na Binti ndiye aliyelisema.

BINTI: Kuna mabadiliko ambayo hata angeyafanya mjomba wangu ningekasirika. Captain America. Joe Simon na Jack Kirby, wote watoto wa familia za Kiyahudi, walimtoa wakati Hitler yuko katika nguvu zake, na jalada la kwanza la kitabu chake, la 1941, linamwonyesha akimpiga Hitler ngumi ya taya. Sasa Mei 2016 wakatoa toleo jipya ambamo anafichuliwa kwamba ni mtu wa Hydra. Maadui wenyewe! Watu walikasirika vibaya, na mwandishi akatukanwa na kutishiwa. Mwaka uliofuata wakamrudisha wa kweli. Kutisha mtu kwa sababu ya katuni ni upuuzi, lakini hasira naielewa. Walimchukua aliyezaliwa kupiga adui, wakasema alikuwa adui siku zote.

DEREVA: Jasusi!

BINTI: Ndiyo.

DEREVA: Aliyeingizwa nyumbani, akala chakula chetu, kumbe ni wa kwao.

BINTI: Ndiyo... (akasita) Najua unapoelekea.

DEREVA: Simtukani mtu. Ninasema nyinyi mnachukia jasusi akiwa Mmarekani. Akiwa dada yenu mnataka kumwandikia mchezo.

Mwalimu alitaka kujibu. Nilimwona akivuta pumzi ile ya walimu, ya kuanzia "kwanza". Kogo alimtangulia. Muda wote alikuwa anatoa majani mabovu kwenye gunia lake, yale yaliyozidi majani mawili na chipukizi, akiyaangusha chini moja moja.

KOGO: Kijana wa Kano.

DEREVA: Naam, Dani.

KOGO: Wewe unaniita Dani. Nani alikufundisha kuniita hivyo?

DEREVA: Ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu.

KOGO: Sawa. Mnabishana nani staringi. Mimi hadithi hii sikuipata kwa mama yangu. Niliisikia kwa watoto wangu walipoitoa shuleni, wanaisoma kwa sauti ili wapate alama. Nikasema, kumbe huko chini tunasemwa. Nikataka kujua jina la huyo msichana wetu. Mtoto akatafuta kitabuni. Akasema, hakuna, imeandikwa tu msichana wa Lang'o. Nikamwambia endelea kusoma.

Sikilizeni. Njaa ilipokuwa huku juu, watu walishuka Kano kwa mtama, wakapeleka mbuzi na ng'ombe. Njaa ilipokuwa kule, walipanda wao. Wasichana nao walikwenda. Si wote kwa vita. Wengine walikwenda na hawakurudi, watoto wao ndio hao mnaokutana nao sokoni Sondu wana sura zetu na majina yao. Sasa huyu mmoja. Wazee wameketi, wameamua. Nani alimuuliza? Anapelekwa kwa mtu aliyeua kaka zake. Analala naye. Anampikia. Mtu anaugua, anamuuguza, na mtu anamwamini, anamwambia siri ambayo hata mamake hakuijua. Anachanja kivuli, anaona damu. Mnafikiri alifurahi? Usiku ule alikuwa na njia mbili. Akibaki, kaka waliosalia watakufa. Akiondoka, mume atakufa. Nyinyi wanaume mnauliza staringi ni nani. Mimi nauliza alivaa nini miguuni akitembea usiku ule, maana kutoka Kano kuja huku ni mbali na ni mlima.

Hakuna aliyesema kitu. Mvua ilikuwa imepungua. Niliandika hilo la miguu kwenye kiganja.

KOGO: Mwalimu. Mweke mbele, sina shida. Lakini usimfanye ashangilie. Nikiona kwenye mchezo wako Lwanda ameanguka na msichana anaruka-ruka na wasichana wa shule wanapiga vigelegele, nitainuka niende nyumbani.

MWALIMU: (polepole) Nilikuwa nimeandika wimbo wa ushindi hapo, Kogo.

KOGO: Ufute.

DEREVA: Dani amesema vizuri, na bado mimi sitapiga makofi. Msinielewe vibaya. Mwaka ukiwa mtulivu ni mchezo tu. Lakini nyinyi na mimi tunajua Sondu pakiwaka inavyokuwa. Nyumba zinachomwa pande zote mbili, na mtu anayetafuta sababu haitafuti mbali. Atasema hata shule zao zinacheza tulivyouawa. Hapo hutapata nafasi ya kueleza kwamba msichana wako alikuwa na huzuni.

MWALIMU: Najua. Mimi naogopa mengine pia. Mwaka 2013 Butere Girls walileta Shackles of Doom, ikapigwa marufuku kwenye tamasha mpaka Mahakama Kuu ikasema ichezwe. Aliyekwenda mahakamani ni nani? Omtatah huyohuyo wa Lwanda Magere. Mwaka 2025 shule hiyohiyo ikaja Nakuru na Echoes of War, polisi wakarusha vitoa machozi, mwandishi akakamatwa, wasichana wakaimba wimbo wa taifa wakaondoka bila kucheza. Mchezo wa kuigiza, jamani. Watoto wenye vipaza sauti vya kuazima. Kwa hiyo mtu akiniambia mabadiliko ya hadithi ni jambo dogo, simwamini. Serikali yenyewe haiamini.

BINTI: Lakini ukiogopa kila mtu, Mwalimu, utabaki kuandika kuhusu faida za miti.

MWALIMU: Mwaka jana niliandika hiyo.

KARANI: Na ilishinda?

MWALIMU: Ya nne katika kaunti ndogo.

Nieleze hapa msimamo wangu, kwa kuwa nimewaandalia wengine maneno na si haki nijifiche. Dereva ana haki kuhusu Sondu, lakini hoja yake ikifuatwa hadi mwisho hakuna mtu wa mpakani atakayesimulia chochote, na mpaka usiosimuliwa husimuliwa na wachochezi. Binti ana haki kwamba hakuna asili safi, ila anasahau kwamba watu hawaishi katika historia ya hadithi, wanaishi katika ile waliyopewa. Kijana ndiye karibu zaidi na ukweli kuhusu hasira: mtazamaji hachukii mabadiliko, anachukia kuletewa yaliyoamuliwa mahali asipofika. Wapenzi wa Boseman wangesamehe karibu lolote kama mtu angeketi nao matanga kwanza. Na kwa kiasi fulani wenye filamu walifanya hivyo, maana mwanzo wa Wakanda Forever ni msiba tu, watu wamevaa nyeupe, ngoma inalia. Ndiyo maana waliolalamika walikuwa nusu tu.

Mwalimu alikuwa bado hajaketi na mtu. Alichukua shujaa wa jirani, akamgeuza, akiwa Kericho, kwenye meza yake, chai ikiwa karibu. Nilimwambia hivyo, na akanijibu kwa hasira kidogo kwamba hata Lwanda alichukua binti wa jirani bila kuketi na mtu. Jibu zuri. Sikuwa na la kuongeza.

DEREVA: Jumamosi nashuka nyumbani kupitia Awasi. Kiti cha mbele ni tupu.

MWALIMU: Unanialika?

DEREVA: Nakupeleka ukasome hicho kitabu chako mbele ya wazee wawili watatu. Ukimaliza salama, tutakula samaki. Usipomaliza salama, nitasema sikujui.

KIJANA: Nichukue video?

WOTE: Hapana!

Trekta ilisikika ikipanda. Watu walianza kujifunga leso na kuvuta magunia kabla lori halijaonekana, kila mmoja akitaka kuwa karibu na mizani, na mjadala ukaisha namna mijadala ya kituoni inavyoisha, kwa viwiko. Kogo alipata kilo kumi na tisa. Karani alitoa moja ya maji ya mvua, Kogo akamwambia majani yake hayana maji, maji ni ya bati lake, wakagawana nusu.

Mwalimu alibaki na daftari lake chini ya mwavuli, kwenye ukurasa wa wahusika. Lwanda Magere, shujaa wa Kano. Mke mkubwa. Wazee wa Sidho. Wazee wa Lang'o. Na mstari mmoja wenye nukta tupu, mahali pa jina la bibi-arusi. Anaweza kumbunia jina, waandishi wengine watambunia. Kogo hakutaka abuniwe. Ikiwa wewe unayesoma ni mtu wa Kano, wa Nandi, wa Sotik au wa popote mpakani, na nyanya yako alipokusimulia alimtaja msichana huyu kwa jina lake, usiliache likapotea. Litaje mara nyingine utakaposimulia.